Shahidi wa Darajani

Kaburi la tisa kutoka ukutani halikuwa na mtu. Ndani yake mlikuwa na koti la kahawia lililokunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi, na juu yake msalaba wa mbao wenye jina la kijana ambaye hakuna aliyemwona akifa.

Ndivyo walivyofanya watu wa kambi ile ya wakimbizi. Vita viliwanyima maiti zao, nao wakaamua kuzika nguo. Mwinjilisti, kiongozi wa kanisa la kambi, hakuwazuia, ila aliweka sharti. Nguo haizikwi bila shahidi. Lazima mtu aje ofisini kwake, akae kwenye benchi, aseme aliona nini kwa macho yake mwenyewe na wapi, naye Mwinjilisti aandike. Sharti hilo lilimjengea jina. Watu walikuwa wakisema kwamba aliyezikwa na Mwinjilisti amekufa kweli, na jamaa zake wanaweza kulala.

Kwa koti hili tu hakukuwa na shahidi. Mwinjilisti alimtunga.

Mwenye koti alikuwa mwana wa pekee wa Bibi Mshonaji, mama aliyevuka mpaka na cherehani ya mkono kichwani, huku wenzake wakibeba magodoro. Mwanawe, fundi redio, alibaki nyuma kufunga kibanda chake, akasema atawafuata jioni. Jioni ile haikufika. Kila siku mama alikigawa chakula chake nusu kwa nusu, nusu moja akaifunika kwa ajili ya mwana, na asubuhi akaimwaga ikiwa imechacha. Akakonda mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni.

Muuguzi wa zahanati ya misheni, mama mmoja asiye na breki ulimini, alimfuata Mwinjilisti akamwambia, "Mzee wangu, yule mama anakufa njaa na chakula kimo ndani ya nyumba. Mimi sina dawa yake. Kama ninyi watu wa Mungu mnayo, msiifiche."

Mwinjilisti aliomba siku tatu. Siku ya nne akaenda kwa Bibi Mshonaji akamwambia kwamba amepita msafiri mmoja, mtu mrefu mwenye kikohozi na mkoba wa bluu, na kwamba alimwona kijana akipigwa risasi darajani na maji yakamchukua.

"Alijuaje kama ni wangu?" mama akauliza.

"Aliliona kovu la kuungua, kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. La chuma cha kulehemu."

Kovu hilo alilitaja mama mwenyewe, juma la kwanza alipofika kambini, akisimulia huku analia. Alikuwa amesahau. Mwinjilisti hakusahau.

Basi wakazika koti. Mama alilia juma zima, kisha akala. Baada ya mwezi alikuwa anashona mavazi ya kwaya, na baada ya mwaka yeye ndiye aliyewafariji waliofiwa. Mwinjilisti alikisimulia kisa chake kwenye mkutano wa wachungaji, wakampigia makofi. Alirudi akiwa amenyoosha shingo.

Kumbe mtu ukimtunga, naye hutafuta pa kukaa. Akina mama wengine walianza kumwandama Mwinjilisti. Yule msafiri wa darajani hakumwona na wangu? Hakusema lolote juu ya mume wangu? Aliwajibu kwamba msafiri ameshaendelea na safari, lakini yeye mwenyewe hakuona kama ameondoka. Wakati wa maombi, watu wakiwa wamefumba macho, alisikia kikohozi kikavu nyuma ya turubai la kanisa. Aliponyanyua uso kutoka kwenye kitabu aliona kitu cha bluu kikipita mlangoni. Kila lori liliposhusha watu, alisimama mbali akiwahesabu warefu, akingoja mmoja wao aje kumwambia, "Mzee, nimesikia unanitumia."

Miaka miwili ikapita hivyo. Ndipo siku moja, saa nne asubuhi, Muuguzi akaingia ofisini bila kubisha.

"Mzee wangu, maiti wako amekuja. Anaomba maji ya kunywa."

"Maiti gani?"

"Wa koti. Amekaa mlangoni kwa mama yake tangu lori la alfajiri. Mama amejifungia ndani, watu wamesimama mbali kama wanaangalia nyoka. Nimempima mapigo ya moyo, sabini na nane. Nina wazima kule wodini wanaoyatamani."

Mwinjilisti alisimama, akakaa, akasimama tena. "Ni mrefu?"

"Mrefu wa nini? Ni mfupi kama mama yake. Twende."

Umati ulikuwa umejaa kwenye njia ya kati, baina ya safu mbili za nyumba za mabati. Hakuna aliyepita hatua kumi za mlango. Hapo chini, mgongo ukiwa umeegemea bati, alikaa kijana aliyekwisha mwili, viatu visivyofanana, ndevu zimeota ovyo. Kopo la maji la Muuguzi lilikuwa pembeni yake. Alipomwona mtu mwenye tai akainuka kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Wewe ndiye uliyenizika?"

Mwinjilisti akakaza fundo la tai.

"Nimepita pale. Wamenionyesha. Pazuri, pana kivuli." Akajaribu kucheka, uso ukakataa. "Mzee, mwambie mama afungue. Mimi nimeshamwambia kila kitu ninachokijua."

Akanyoosha mkono kumsalimu. Na hapa Mwinjilisti, aliyehubiri ufufuo kwa miaka thelathini, mwenye cheti cha Biblia alichokisomea jioni baada ya kazi, alirudi nyuma hatua moja. Watu wote waliiona hatua ile. Mkono wa kijana ukabaki hewani, kisha ukashuka.

Mwinjilisti akausogelea mlango. "Mama, ni mimi. Fungua. Mwanao yuko hai."

"Mwanangu nilimzika," sauti ikajibu kutoka ndani, tulivu kabisa. "Wewe ndiye uliyesoma maneno."

"Mungu hashindwi na kitu. Kumbuka Lazaro."

"Lazaro alitoka na sanda zake, dada zake wakaona. Sisi tulizika koti. Huyo hapo nje amevaa koti gani?"

Mtu mmoja kwenye umati akanong'ona kwamba vita hurudisha vitu vyenye sura za watu, na mwingine akamwambia anyamaze.

"Mama," akasema Mwinjilisti, na jasho lilikuwa limeshalowesha ukosi, "labda yule msafiri alikosea. Mtu akiwa mbali, na risasi zinalia, huweza kumfananisha."

"Alilitaja kovu."

"Ndiyo, lakini..."

"Kovu lenyewe, Mwinjilisti. Mkono wenyewe. La chuma cha kulehemu. Mtu hafananishi kovu. Mimi si mjinga. Ama msafiri wako alimwona mwanangu akifa, na huyo aliye mlangoni sijui ni nini. Ama huyo ni mwanangu, na msafiri wako sijui ni nini. Niambie ni ipi, nami nitafanya utakavyosema. Nimekuamini siku zote."

Mwinjilisti aligeuka. Aliwaona wazee wa kanisa wawili, kiongozi wa kwaya, akina mama ambao wengine walikuwa na makaburi ya nguo kule ukutani. Angeweza bado kusema kwamba msafiri alikuwa mtu mwovu, mdanganyifu, amemponza. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, tena matamu. Akakisikia kile kikohozi nyuma ya umati, karibu kuliko siku zote, na safari hii hakutafuta kimetoka wapi.

"Hakukuwa na msafiri," akasema.

"Sema kwa sauti," mama akasema kutoka ndani.

"Hakukuwa na msafiri. Sikuambiwa na mtu yeyote. Ulikuwa unakufa, nikatunga. Kovu ulinitajia wewe mwenyewe."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa nafuu kama wangepiga. Mama mmoja alikaa chini taratibu, mikono kichwani, akasema, "Na wa kwangu je?" Mwinjilisti akamwambia kwamba wa kwake alikuwa na shahidi wa kweli, na aliposema neno hilo la kweli aliona usoni mwa yule mama kwamba halitasaidia tena, leo wala kesho.

Komeo likavutwa. Bibi Mshonaji akatokea, mdogo, nyuzi zimemshika begani. Hakumtazama mwanawe usoni. Aliushika mkono wa kushoto, akakunja shati, akaweka kidole gumba juu ya kovu, akakiacha hapo kwa muda mrefu.

"Umekonda, baba," akasema.

"Nimetembea, mama."

"Ingia."

Kijana akaingia. Mama akabaki kizingitini, na sasa akamtazama Mwinjilisti. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililomtisha.

"Mwinjilisti, na yule mwingine je? Yule wa kaburi tupu unayetuhubiria. Habari zake ulizipata kwa nani?"

"Kwa watu waliomwona, mama."

"Uliwaona hao watu?"

"Hapana."

"Sikuulizi kwa kukudhihaki. Miaka miwili nimesali kwa sababu yako. Nataka kujua nilikuwa nasali kwa nani."

Alitafuta jibu. Alilikuta lile alilolifundisha kila mwaka, kamili, lenye mistari yake, nalo halikutoka.

"Ninaamini, mama," akasema mwishowe. "Sina kingine."

"Hata mimi niliamini," akasema mama, akarudi ndani. Mlango hakuufunga, aliurudishia tu.

Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Muuguzi akaokota kopo lake, akaenda zake. Mwinjilisti alibaki amesimama karibu na bati. Kuondoka hakuweza, kuingia hakualikwa.

Kutoka ndani alisikia mama akiuliza maswali. Jina la mbwa wetu? Kijana akajibu. Baba yako alikaa upande gani wa meza? Akajibu. Nani aliyekukata nywele kabla ya ubatizo? Akajibu, tena akaongeza kwamba alimkata na sikio. Maswali yakaendelea, moja baada ya jingine, kwa sauti ileile tulivu, na kila mara Mwinjilisti alijikuta amekunja ngumi akiomba kwa moyo wote kwamba jibu liwe sahihi. Alikuwa hajawahi kuomba hivyo tangu alipokuwa kijana.

"Siku ile tunakimbia, kabla hujabaki nyuma kufunga kibanda, nilikuambia nini?"

"Sikumbuki, mama."

Mwinjilisti akaliegemea bati, nalo likamchoma mgongo, asiondoke.

"Hata mimi sikumbuki," mama akasema. "Nimejaribu miaka miwili."

Kisha kikasikika kijiko kikigusa sahani, na mtu ndani akaanza kulia, na kwa sauti haikujulikana ni yupi kati yao.