Wimbo Uliokatwa Boston

Mendel Krasner alilisoma gazeti kando ya barabara, mjini New York, na damu ikamchemka papo hapo. Mhakiki Prentiss Hathorne aliunyonyoa kama kuku mchezo mpya wa nyimbo wa Mendel na mwenzake, uliofunguliwa jana. Muziki, alisema, unafaa. Maneno ya nyimbo, na maneno ni kazi ya Mendel, ni takataka. Tena wimbo mbovu kuliko zote ni ule wa mjane, "ulioniumiza masikio dakika tano nzima."

Wimbo wa mjane haukuimbwa jana! Waliukata wiki mbili nyuma, mchezo ulipokuwa ukijaribiwa Boston, maana huko ndiko michezo hukatwa na kushonwa upya kabla ya kuletwa New York. Jina lake lilibaki tu kwenye programu, karatasi ya orodha ya nyimbo wanayopewa watazamaji, iliyokwisha kuchapwa. Kumbe bwana mkubwa aliondoka mapumzikoni, mchezo ukiwa nusu, akaenda kuhakiki karatasi.

Mendel akampigia simu Rosalind Teitel, mtunzi wa muziki wao.

"Nimeona," alisema Rosalind. "Mwenye ukumbi naye kaona. Anasema tusipopata watu, Jumamosi anafunga. Mie nakwenda kwa mhariri na hiyo programu. Wewe tulia, Mendel. Tafadhali, tulia."

Atulie nani? Saa saba mchana alikuwa kwenye mkahawa wanakokula watu wa michezo ya jukwaani, amesimama mbele ya sahani ya Hathorne.

"Niimbie wimbo wa mjane."

"Kaa chini, Krasner, unajiaibisha."

"Mstari mmoja tu. Si ulikuumiza masikio?"

Hathorne akafuta mdomo taratibu. "Nyimbo zako, mzee, ukisikia mmoja umezisikia zote."

Ngumi ya kwanza ilimkuta bado anatabasamu. Kiti kikaanguka naye. Mendel akamkalia kifuani, akampiga mdomoni, akampiga tena, mpaka meno mawili yakadondoka sakafuni na vidole vyake mwenyewe vikachanika. Alijisikia vizuri, kusema kweli. Alijisikia vizuri mno. Wahudumu watatu ndio waliomng'oa pale.

Hapo Rosalind akaingia mbio, programu mkononi. "Mendel! Mhariri kakubali! Kesho anaomba radhi ukurasa wa kwanza, na leo anamleta mhakiki mwingine aje..."

Akaiona damu. Akamwona Hathorne anatambaa akitafuta leso.

"Umefanya nini?"

"Alinitukana, Rosie."

"Alikuwa amekwisha! Tulishamshika! Sasa nani ataandika habari za wimbo? Kesho wataandika meno ya huyu, na sisi ndio wahuni!"

Akampiga Mendel kwa mkoba, usoni, mara nne, tano, kifungo cha chuma kikampasua nyusi. Mkahawa mzima ulikuwa umejaa waigizaji, na hakuna hata mmoja aliyeinuka kuamulia. Mendel aliacha mikono ining'inie, akapigwa.