Kucha ya Kidole Gumba

Saa mbili asubuhi, katika darasa la useremala, Mama Mapacha alibana kipande cha mbao ngumu kwenye jiliwa, akachora tundu kwa penseli, akasimamisha patasi juu ya mstari na kugonga. Kwa pigo la tatu makali ya patasi yalijikunja kama ukurasa wa daftari. Akaenda kwenye jiwe la kunolea, akayanyoosha, akarudi. Wiki ya tano sasa alikuwa akifanya hivyo.

Patasi za wanaoanza zilinunuliwa kasha zima kwa bei ya patasi moja nzuri. Nzuri zilikuwa za darasa la pili, na kuingia huko kulitaka kiungo kimoja tu cha mbao mbili kisichopitisha mwanga. Ijumaa ndiyo ilikuwa mwisho. Atakayeshindwa angerudi alikotoka, na Mama Mapacha alitoka kwenye kufua nguo za watu.

"Patasi hii ukiionyesha siagi, siagi inacheka," alisema mzee wa meza ya jirani, mstaafu wa posta.

Mwalimu alimsikia, akamwambia kwa upole kwamba shida ni mkono, si chuma.

Jumatano kucha ya kidole gumba cha kulia cha Mama Mapacha iliamka na rangi ya kijivu. Alipoigonga mezani ililia kama kijiko. Alhamisi ilikuwa chuma kitupu. Akainoa, akaijaribu, ikamenya mbao kama ganda la kiazi. Mzee wa posta alisogea, akauliza kama inauma. Akajibiwa inauma ikipigwa nyundo tu. Mzee akamshauri asigonge, asukume.

Ijumaa mwalimu aliviinua viungo dirishani, kimoja kimoja. Cha mzee kilipitisha mwanga wa kutosha kusomea barua. Mzee akakunja aproni yake, akaaga. Cha Mama Mapacha hakikupitisha kitu.

"Umetumia nini?"

"Kucha, mwalimu."

Mwalimu akaipima kwa rula, milimita kumi na mbili, akaandika. Akasema amefaulu. Ila patasi nzuri ni chache, na si haki kumpa mtu ambaye tayari anayo. Abaki hapa, awaonyeshe wanaoanza.

"Mimi nilitaka ile ya kushika, mwalimu."

"Unayo, mama."

Ripoti ya mwalimu ilikuwa ya mistari mitatu. Ilisema vifaa vya bei nafuu vimejaribiwa na vinawatosha kabisa wanaoanza, ikaomba makasha mengine manne.

Nyumbani mapacha walizoea kusukwa nywele na jirani. Kulala, walilala wote wawili upande wa kushoto wa mama yao.

Makasha yalifika pamoja na wanafunzi wapya. Wiki ya tatu binti mmoja alimwambia Mama Mapacha kwamba vidole vinamwasha kwenye kucha. Mama Mapacha akavitazama kimoja baada ya kingine, kisha akamwonyesha jinsi ya kulitia mafuta jiwe la kunolea.