Usigonge Mpaka Nije

Kompyuta ile niliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa hiyo kila nilipoitukana nilikuwa najitukana. Ilikuwa inaganda. Mshale kimya, saa ya kwenye kioo kimya, feni tu inavuma kwa jeuri. Asubuhi, mchana, jioni, haina ratiba.

Nikabadilisha memori. Nikapaka dawa mpya ya kupooza prosesa. Nikafuta kila kitu nikaanza upya. Wapi! Fundi aliyeniuzia spea akaniambia kwenye simu, "Dada, hiyo mashine ina wivu. Inaganda ukiipa kisogo." Nilimkatia simu. Lakini alisema kweli: nikitoka chumbani, nikirudi naikuta imeganda. Nikazima kila mpangilio wa kuilaza ikikaa bila kuguswa. Haikusaidia.

Na kutoka nilikuwa natoka, ningefanyaje? Chumba cha pili alikuwa akilala Mama, tangu apate kiharusi. Miguu haimbebi, sauti imebaki ya kunong'ona. Akinihitaji anagonga ukuta kwa bakora, ko, ko, ko, nami naruka. Maji, dawa, choo, mto. Siku nyingine hahitaji kitu, anataka kuniona tu. Mimi kitinda mimba, sina mume, basi ndugu zangu wakaona jibu limejileta. Nampenda Mama. Kuta za nyumba ile nazo zilikuwa zinanikaba koo, na sioni haya kuyasema yote mawili.

Ikaja nafasi ya kazi mji mwingine. Dada yangu mkubwa akaapa, "Ukiipata, Mama nitamchukua mimi." Usaili ulikuwa wa saa nzima kwenye kompyuta, na walishaonya: atakayekatika katikati, amejitoa.

Asubuhi ya usaili nilikuwa najizoeza kujibu maswali. Ko, ko, ko.

"Nakuja, Mama!"

Ila sikuinuka. Nilitaka nimalize sentensi yangu kwanza. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu: bakora imegonga, mshale umekufa.

Nikaiwasha upya, nikapaza sauti, "Mama, hebu gonga tena!" Akagonga. Ikaganda. Ala! Meza niliipigilia misumari mwenyewe kwenye ukuta uleule, na ndani ya kasha la kompyuta kulikuwa na kitu kimelegea, ukuta ukitikiswa kinaachia. Kikulacho ki nguoni mwako. Kuifungua? Muda umekwisha. Kuihamisha? Waya wa intaneti haufiki kwingine.

Nikaenda kwa Mama, nikampa maji, nikamgeuza, nikamweleza.

"Kumbe mchawi ni mimi!" akanong'ona, akacheka.

"Mchawi ni ukuta, Mama. Usigonge mpaka nije."

"Na ukiipata hiyo kazi, utakwenda?"

"Nitakwenda."

Akaitazama bakora yake. "Haya. Sigongi."

Wasaili walikuwa wawili, mwanamke mpole na mwanamume asiyecheka. Wakauliza, nikajibu, mashine ikatulia. Tulipokuwa katikati nikasikia kishindo kizito upande wa pili wa ukuta. Kisha kimya.

"Uko nasi?" akauliza yule mwanamume.

"Niko."

Nikangoja bakora. Nikajiambia, kama ni jambo atagonga, labda ni mto tu umeanguka. Lakini mto una kishindo gani? Niliogopa, jamani, na bado nikabaki pale kitini natabasamu. Niliiomba mashine igande inipe sababu ya kuinuka. Siku zote inaganda, siku ile ikakataa.

Waliposema karibu kazini, nilikuwa nimeshasimama. Sikumbuki kama niliwashukuru.

Mama alikuwa sakafuni, mguu mmoja umenaswa kwenye shuka, jasho linamtiririka usoni. Bakora ameikumbatia kifuani, kwa nguvu, ukuta uko karibu naye kabisa.

"Imeganda?" akanong'ona.

"Haikuganda, Mama."

"Umeipata?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sikugonga," akasema. Akaiachia bakora, akaninyooshea mkono. "Haya, niinue, mwanangu, kabla hujaenda."