Kadi Nyekundu kwa Baba Mkwe

Kabla sijaolewa, kadi nyekundu ndiyo iliyochakaa kuliko zote katika kisanduku changu. Miezi saba baada ya harusi ilikuwa ingali na pembe zilizokunjika, ila hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho kuiona mezani.

Katika briji hatutangazi dau kwa mdomo. Kila mchezaji huchomoa kadi na kuilaza mbele ya wenzake. Ya kijani maana yake napita. Nyekundu ni dabo: wewe uliyeahidi kushinda mizunguko kumi kati ya kumi na tatu, siamini, na ukishindwa utaumia maradufu. Ni kadi ya kumtazama mtu usoni.

Na kila Jumamosi, katika ukumbi wetu mdogo pale chuoni Bukura, mtu wa kutazamwa usoni alikuwa Mzee Cornelius Wandera, mwalimu mstaafu wa elimu ya udongo, aliyepandisha dau kama mtu anayekwea ngazi bila kuangalia imeegemea nini. Nilipokuwa mwanafunzi wa diploma nilimpiga dabo bila huruma, naye alicheka hadi miwani ikamdondoka. "Huyu msichana ana meno!" alikuwa akisema, huku akijisogeza ukingoni mwa kiti.

Kisha nikaolewa na mwanawe, Tyson.

Kwetu, mke wa mwana na baba mkwe hawashikani mikono. Akiingia sebuleni, mimi natoka kwa mlango wa jikoni. Neno lake hunifikia kupitia kwa mtu mwingine, na langu humfikia vivyo hivyo. Suala la karata lilijadiliwa na shangazi watatu alasiri nzima, hadi mmoja wao akauliza, "Kwani katikati yao kutakuwa na nini?" Akaambiwa kutakuwa na meza. "Basi, kama kuna meza, wacheze."

Meza ilikuwepo. Mkono wangu ndio uliokataa. Kila Mzee alipojitosa, nilipandisha dau letu juu ya lake ili nimwokoe, hata nilipojua wazi kwamba tutakaoanguka ni sisi. Pascalia, mkutubi wa zamani wa chuo, aliyenifundisha mchezo huu na ambaye ndiye mwenzangu mezani, alivumilia wiki baada ya wiki. Jumamosi moja alinishika kiwiko mlangoni, mvua ya mawe ikitwanga mabati.

"Beverlyne, nina miaka sitini na minne. Sina Jumamosi za kugawa bure. Ukimhurumia leo, wiki ijayo tafuta mtu mwingine wa kukaa mbele yako."

"Mwalimu, ni baba mkwe."

"Huko nyumbani. Hapa ameketi upande wa Magharibi, na jina lake ni Magharibi."

Hadi mgao wa mwisho, sikuwa nimelazimika kuchagua. Ndipo nikafungua kwa kopa moja. Mzee, kushoto kwangu, akaweka shupaza moja. Pascalia akaweka dau la kunijulisha kwamba ana nguvu na kwamba kopa zangu anazipenda. Jairus, muuza mbolea wa Shinyalu anayecheza na Mzee, akaziunga mkono shupaza. Nikafika kopa nne. Mzee akapiga mwayo, akalaza shupaza nne, ahadi ya mizunguko kumi.

Pascalia akaweka kadi ya kijani.

Mgeni angedhani ameshindwa. Lakini tulikuwa na mapatano. Tukishaonyesha kwamba nguvu ziko upande wetu, mmoja wetu akipita, anamwambia mwenzake: hawa hawaachwi hivihivi, nimekuachia wewe, ama upandishe dau ama uwaadhibu kwa dabo. Na mwenzake haruhusiwi kupita.

Jairus akapita. Ikabaki mimi.

Nilitazama karata zangu kana kwamba zingebadilika. Kopa tano nyembamba. Nguvu zote, ree mbili na mfalme mmoja, zilikuwa katika uru na pau. Ulikuwa mkono wa kuadhibu, na hata mtoto angeuona. Lakini kadi ya kopa tano ilikuwa pale, safi, yenye adabu. Ningeiweka, tungeanguka sisi, na Mzee angerudi nyumbani mzima. Pascalia hakunitazama. Tayari alikuwa ameuweka mkoba wake magotini.

Ule mwayo ndio uliokataa kuniondoka akilini. Mzee huyu, aliyekuwa akikaa ukingoni mwa kiti, sasa alikuwa ameegemea nyuma, miguu ameinyoosha, kama mtu anayesubiri ibada ndefu iishe. Usoni hakuwa na ruhusa ya kunitazama. Alikuwa akitazama kisanduku changu.

Nikachomoa kadi nyekundu.

Mzee akavuta miguu yake taratibu, akakaa wima. Akapita, wote wakapita. Pascalia akaanza kwa kopa, na kuanzia hapo ngazi ikawa inateleza. Mzee alipigana kila mzunguko, jasho likimtoka, akijisogeza mbele hadi kiti kikabaki na robo yake tu. Aliahidi kumi. Alipata saba.

"Ala!" Jairus akaguta. "Kwani watoto wa siku hizi wanapiganga wazee namna hii?"

Mzee aliifunika miwani kwa kiganja. Mabega yakamtetemeka, nami nikadhani analia. Kisha miwani ikadondoka, na kicheko kikamtoka chote, kile cha zamani.

"Jairus," alisema, ingawa ningeweza kumgusa kwa kunyoosha mkono, "mwambie mwenye kisanduku kile kwamba nilidhani kadi hiyo ilipotea siku ya harusi."

"Mwalimu," nikamwambia Pascalia, "mwambie Baba ilikuwepo."

"Mnaniona mimi posta?" akasema Pascalia. Lakini mkoba wake ulikuwa umerudi sakafuni. "Jumamosi, saa nane kamili. Usinicheleweshe."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, barabara ikitoa mvuke, viatu mkononi, nikipumua hadi tumboni. Mama mkwe, Nasambu, alikuwa jikoni na mwiko wa obusuma, ugali wetu. Simu ilikuwa imenitangulia.

"Jairus ananiambia ulimwaibisha baba yako mbele ya watu."

"Nilimpiga dabo, Mama."

"Sijui hiyo ni nini, na sitaki kujua. Utanipa neno la msamaha, nimpelekee sasa hivi."

Ng'ambo ya ukuta, sebuleni, mtu alikuwa akichanganya karata peke yake. Sauti ile ikakoma. Nikajua anasikiliza, nikapaza sauti kidogo.

"Mama, hilo sikupi. Siombi msamaha."