Asubuhi Sitini na Moja

Mimi mtu wa dakika. Ofisini wananiita Dakika, na jina hilo nililipenda, sikatai. Kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta na kukadiria gari litatumia muda gani kutoka hapa mpaka pale, kesho, keshokutwa, hata mwakani. Kamera za barabarani zinaniletea hesabu, mimi nachora mstari.

Kila Ijumaa bosi alivuta kiti karibu yangu, tukafuta siku mbovu. Lori limepinduka? Futa. Mvua imefunika daraja? Futa. "Siku kama hizo hazina adabu," alikuwa akisema, nami nacheka. Zikishatoka, mstari unanyooka, ripoti inapendeza. Kwa miaka mitatu tulifuta asubuhi sitini na moja kwenye barabara ya hospitali peke yake.

Sasa mama. Presha ya macho ilikuwa inamla kidogo kidogo, jicho la kushoto zaidi, na tulingoja miezi minane zamu yake kwa daktari bingwa anayekuja hospitali hiyo hiyo kupasua mara moja kwa msimu. Jumatano, saa mbili kamili asubuhi. Usipofika, anaingia mwingine.

"Tutoke saa kumi na mbili," mama alisema.

"Tukafanye nini, tuwafungulie lango? Mama, ni dakika thelathini na nne. Si ndiyo kazi yangu?"

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye msomi."

Tukatoka saa moja na robo, nimejiongezea na dakika kumi za akiba, najiona mwerevu kweli. Kumbe mbele kule bomba la maji lilikuwa limepasuka na kubomoa nusu ya barabara. Magari yakasimama. Dereva wa teksi akazima injini.

"Mbona unazima?"

"Dada, niwashe ili iweje?"

Nikashuka. Nikapanda. Nikashuka tena, nikasimama juu ya ukingo nitazame mbele, nikaona mapaa ya magari tu. Saa mbili kasoro ishirini. Saa mbili kasoro tano. Nikampigia karani wa kliniki, simu ikaita mpaka ikakatika. Miguu haitulii. Nikamwambia mama nimbebe mgongoni.

"Kilomita sita, kwa mikono hiyo ya kompyuta? Hebu kaa, unanitia kizunguzungu."

Alikuwa ameshika kadi ya kliniki, anaikunja na kuikunjua.

Tulifika saa mbili na dakika hamsini na mbili. Karani akafungua daftari. Jina la mama lilikuwa limepigwa mstari kwa rula, mstari mzuri, umenyooka.

"Hakufika," akasema.

"Si huyu hapa!" Nikafoka, nikaomba, mwisho nikalia. Mgonjwa mwingine alishalazwa mezani. Tukaambiwa turudi msimu ujao.

Ijumaa bosi akavuta kiti. "Jumatano hii, dakika tisini na saba! Aibu gani hii? Futa."

"Sifuti."

"Dakika, usinianze."

"Sifuti hii, na zile sitini na moja nazirudisha."

Nikazirudisha moja moja, kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, lakini nilijikasirikia mimi zaidi, maana kidole kilichofuta kilikuwa changu. Mstari ukavurugika, ukapanda na kushuka ovyo. Hesabu mpya ikatoka: anayetaka kufika saa mbili bila wasiwasi, siku kumi na tisa katika ishirini, aondoke saa kumi na mbili. Mama alilijua hilo bila kompyuta.

Msimu uliofuata tulitoka saa kumi na mbili kamili. Barabara nyeupe kabisa, dakika ishirini na nane, lango bado limefungwa. Mama hakunicheka. Mimi nikawa natembea huku na huko kama nimekanyaga siafu.

Daktari akammulika macho yote mawili, akarudia la kushoto, akazima tochi.

"La kulia tutaliokoa leo. Hili limeshakwisha. Mlikuwa wapi msimu uliopita?"



"Njiani, daktari," mama akajibu.

Tukarudi kwenye benchi kungoja aitwe. Nikakaa kando yake, goti langu linacheza lenyewe. Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akalipata, akalibana litulie.

"Hamia upande wa kulia, mwanangu," akasema. "Huko sikuoni."

Nikahama.