Alama Mbili Shingoni mwa Ashwaq

Ashwaq alizaliwa na uvimbe laini chini ya taya. Alipotimiza miaka mitatu ulikuwa umefika sikioni, na akilala alikoroma kama mzee. Daktari wa watoto mjini Ibb alimweleza Taqiyya, mama yake, kwamba ni mirija ya maji ya mwili iliyojiumba vibaya tangu tumboni. Si jipu, wala si jicho la hasidi. Dawa yake ni sindano, na daktari wa kuidunga huja kutoka mji mkuu, Sanaa, mara mbili tu kwa mwaka. Wakasubiri miezi mitano.

Zikiwa zimebaki siku nne, mama mkwe wa Taqiyya, Hajja Wahbiyya, alimleta nyumbani mzee anayetibu kwa kuchoma kwa chuma.

"Mama, si tungoje tu? Ni siku nne."

"Mwanangu, huyu ndiye aliyemchoma mumeo alipougua manjano, akapona. Wewe ungejuaje? Ulikuwa bado unanyonya."

Taqiyya alicheka kidogo, kwa haya, kisha akamshika mtoto miguu. Msumari mwekundu kwa moto uligusa ngozi mara mbili, juu ya uvimbe na chini yake, upesi, kwa mkono uliozoea.

Siku ya miadi shingo ilikuwa imevimba, ngumu, ina moto. Daktari wa Sanaa aliigusa kwa kidole akauondoa mkono.

"Nani amemchoma?"

Muqbil, mume wa Taqiyya, alitazama sakafu. Taqiyya hakuweza kumtaja mama wa mumewe mbele ya mgeni.

"Mimi."

"Wewe mama yake?" Daktari akaandika cheti cha dawa. "Vidudu vimeingia ndani. Nikidunga leo koo litaziba. Mpeni dawa hii, mrudi baada ya miezi sita. Akianza kuvuta pumzi kwa tabu, msingoje, mkimbizeni."

Hajja alikuwa akiwasubiri nje. "Wamemdunga?"

"Hapana, mama," Taqiyya alijibu. "Daktari amekataa."

Uso wa Hajja ukachangamka. "Si nilisema? Ameona chuma kimeshafanya kazi." Akambusu mjukuu wake kwenye paji la uso, akatoa simu ampigie dada yake.

Taqiyya alifungua mdomo. Muqbil akamtazama mara moja tu, naye akaufunga.

"Na yule mjukuu wako mwenye tezi," Hajja alikuwa akisema kwenye simu, "msimpotezee muda hospitali. Mleteni kwangu."