Antena Isiyohitaji Waya

"Hivi Mama Nesi, hilo bomba unalotaka kusimamisha uani ni la kuongea na Mungu au na watu?"

Jirani yangu, fundi cherehani, aliniuliza hivyo siku moja akiwa ameegemea ukuta wetu. Nikamjibu kwamba Mungu hahitaji bomba, nikipiga magoti ananisikia. Asiyenisikia ni binti yangu.

Binti yangu ni nesi, tena nesi peke yake, katika zahanati iliyo nyuma ya milima, siku mbili kwa lori, mahali simu hazishiki. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa redio za mawasiliano. Alitufundisha sote wawili, tukafanya mtihani, tukapata leseni. Kila Jumamosi saa nne asubuhi mwanangu huniita, nami humwitikia. Waya wetu wa antena ulikuwa umefungwa kwenye mti wa jirani wa nyuma, naye akaukata mti ili apanue banda la kuku. Basi ikabidi nipate antena ya kusimama wima, isiyotegemea mti wa mtu.

Nilishachagua. Masafa yetu yanaitwa mita ishirini. Antena ya wima hutakiwa iwe robo yake, yaani tano, na hesabu hiyo niliisoma darasa la nne. Mabomba ya alumini ya kutosha mita tano yalikuwa stoo. Kilichobaki ni kutandaza waya chini kuzunguka shina lake, thelathini na mbili, kama spoku za baiskeli. Antena ya namna hiyo inahitaji pa kukanyaga. Isipopata, udongo unainywa nguvu yote. Marehemu alinieleza mara moja, nikaelewa.

Lakini nina shemeji. Ni mdogo wake marehemu, katibu wa chama cha watu wa redio, na huko chamani wanamwita Mtaalamu. Jina hilo alijipa mwenyewe, wengine wakachoka kumbishia. Ana kofia iliyotariziwa namba yake ya leseni. Hata kwenye msiba wa kaka yake aliivaa.

"Waya za kutandaza chini ni mambo ya kizamani, shemeji," akaniambia. "Utakuwa unajikwaa humu uani kama mbuzi aliyefungwa. Nimekuchagulia ya kisasa. Haihitaji waya."

"Sasa inakanyaga wapi?"

"Aa, hayo ni ya kitaalamu. Wewe na darasa lako la saba utaumwa kichwa bure."

Nikamwachia ailete. Dharau ni dhambi nami huwa naiungama, ila kwa sababu ya mtu huyu nimekuwa nikiungama dhambi ileile kila wiki, hadi naona haya.

Akaileta: fimbo nyeupe inayong'aa, ndefu kunizidi kidogo tu, chini yake kisanduku kilichozibwa pande zote. Kuisimamisha kulichukua asubuhi nzima, na nusu ya asubuhi hiyo alikuwa anajipiga picha nayo. Kisha akaunganisha kimita chake, chenye sindano inayoonyesha kama antena inaipokea nguvu ya redio au inairudisha. Sindano ikatulia kwenye moja, maana yake hakuna nguvu inayorudi.

"Moja kamili," akasema, akirudi nyuma hatua mbili aitazame vizuri. "Kaka angekuwa hai angenipa mkono."

Kaka yake angemwuliza maswali, lakini nikamwacha.

Jumamosi nikamsikia mwanangu akiniita. Nikaitikia. Akaniita tena, kana kwamba sikusema kitu. Shemeji akasema jua limechafuka, ndilo linalovuruga mawimbi ya redio. Jumamosi ya pili jua lilikuwa bado limechafuka. Ya tatu mwanangu akasema taratibu, "Mama, kama unanisikia, Jumamosi ijayo usipojibu napanda lori nije. Wapo wajawazito wanne wa mwezi huu na sina wa kumwachia, lakini nitakuja."

Barua isingemfikia kabla ya wiki mbili.

Nilisali, kisha nikaingia stoo. Marehemu alikuwa na kopo la mafuta lenye kipinga ndani kinachoimeza nguvu yote ya redio, la kuijaribia bila kupeleka sauti popote. Kimita shemeji alikiacha mezani, nikakiunganisha na kopo lile. Sindano ikatulia kwenye moja kamili. Kopo lisilosikika hata jikoni lilikipendeza kimita sawasawa na ile fimbo nyeupe. Wiki tatu mtu mzima, katibu, alikuwa anashangilia kopo.

Fimbo nikaing'oa, nikailaza kando ya pipa la maji. Jumatatu hadi Alhamisi nilifunga mabomba na kutandaza waya, nikizibana ardhini kwa hanga kuukuu za nguo nilizokunja kwa koleo. Fundi cherehani akaja kunisaidia.

"Shoga, hii ni antena au mtego?"

"Wewe shika mwisho huo, uvute."

Jumamosi shemeji aliingia saa tatu na nusu, akaona fimbo yake imelala. Hakuniamkia. Akaenda moja kwa moja kwenye kimita, nilichokwisha kukirudisha kwenye antena, akabonyeza kitufe cha redio, akacheka.

"Moja na nusu. Ilikuwa moja kamili, shemeji, sasa ni moja na nusu. Umeiharibu. Ndiyo maana nakwambia mambo mengine waachie wenyewe."

"Kaa, chai ipo."

Akakaa, akajimiminia, akaweka sukari vijiko vinne. Saa nne ilipofika redio ikakwaruza.

"Mama, nakuita. Dereva ameshawasha gari."

Nikaminya kitufe cha kipaza sauti. "Mwambie aende zake. Mimi mzima."

Redio ikabaki inavuma tu. Shemeji akaanza kutabasamu.

"Mama. Unasikika kama uko chumba cha pili. Wiki zote hizo ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, nakuitikia."

"Sasa nini kiliharibika?"

Nikamnyooshea shemeji kipaza sauti, kidole changu kimeminya kitufe tena.

"Baba yako mdogo yuko hapa," nikasema. "Antena iliyopita alichagua yeye. Atakueleza mwenyewe."

Akakitazama kipaza sauti. Akaitazama sindano. Akaweka kikombe chini, akainuka, akatoka.